Anaumwa Sana, Afike Haraka

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kutangaza jambo la kweli, tena nililolihakikisha mara mbili, na mpaka leo linanitia aibu. Ningekuwa nimesema uongo, ningeomba msamaha na mambo yangeisha. Lakini uongo haukuwepo, ndiyo maana sijui pa kuanzia.

Nilisoma mawasiliano miaka mitatu hapa Kamina, katika chumba ambacho mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza kwa sababu ya kelele za mabati. Kanuni zake nilizikariri kama sala. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Habari usiizike chini, iweke mbele. Karatasi aliyokuletea mtu ni maneno yake tu, nenda kahakikishe. Nilimaliza na alama nzuri, nikazunguka mji mwaka mzima na bahasha yangu mkononi, mpaka redio moja ya hapa, vyumba viwili na mnara, ikanichukua kwa staji. Staji ni kuwa kazini bila kuwa na kazi. Unafagia studio, unatia mafuta kwenye jenereta, unapokea komunike za watu mlangoni.

Komunike ndizo zinazofanya watu wafungue redio kama yetu. Simu hazishiki kila mahali, na barabara za kwetu kila mtu anajua zilivyo mbovu. Kwa hiyo mwenye neno kwa ndugu yake wa Mulongo au Kinkondja huliandika kwenye karatasi na kutuletea tulisome hewani. Kikao cha ukoo ni Jumapili. Mbuzi mweusi amepotea. Na ile isiyokosekana: fulani anaumwa sana, mtoto wake afike haraka. Mara nyingi mgonjwa huyo amekwisha kufa, na kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Lakini hatusemi. Mtoto wa marehemu haambiwi kifo kwa redio. Anaitwa kwa ugonjwa, anasafiri, na akifika shangazi zake wanamkalisha mkekani, wamemshika mikono, ndipo wanamwambia. Njia nzima anajua na hajui, na hicho kidogo asichokijua ndicho kinachomfikisha nyumbani.

Mimi nilizaliwa humo humo katika desturi hiyo. Siwezi kujitetea kwamba nilikuwa mgeni.

Tulikuwa wawili kwenye staji, mimi na kijana mmoja wa kule base, mtoto wa askari, mwenye sauti nzito ambayo Mungu alininyima. Nafasi ya kazi ilikuwa moja. Mkubwa wa habari alituita Jumatatu, akasema huku anatazama saa yake:

“Bantu ba kusoma makaratasi niko nabo. Minyi natafuta mwenye kuniletea nouvelle. Vendredi nitachagula.”

Habari mpya, basi, na siku nne tu mpaka Ijumaa.

Alfajiri ya Jumanne jirani yetu akafariki hospitalini. Alikuwa mke wa mzee mmoja mstaafu wa reli, na nyumba yao na yetu zimeshikana ukuta. Miaka mingi aliuza mikate stesheni, na akina mama wote wanaouza pale walimfanya kiongozi wao. Treni ikikwama siku mbili, yeye ndiye aliyewapikia abiria wenye watoto. Mimi mwenyewe nimekula bukari yake, ugali wa kwetu, pengine zaidi kuliko ya mama yangu. Binti yake wa pekee tulikua pamoja, tukasukana, tukagombana, tukapatana. Sasa alikuwa ameolewa Kinkondja, kwa watu wa samaki, na alikuwa amejifungua mwezi mmoja tu kabla.

Asubuhi ile nililia pamoja nao. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii kitu. Nililia, nikanawa uso, nikaenda kwenye staji.

Saa tatu mzee akaja redioni yeye mwenyewe. Alikuwa amevaa koti lake la kazi la zamani, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Karatasi yake ilikuwa na mistari miwili: binti yake aliyeko Kinkondja afike Kamina haraka, mama yake anaumwa sana.

“Simu haishike kule tangu juzi,” akaniambia. “Soma vile niliandika, mwana. Usiongeze kintu. Iko na mutoto mudogo, na njia iko mulefu. Nataka akuye na mama yake mu roho.” Aje, maana yake, mama yake akiwa bado mzima moyoni mwake.

“Eyo vidye, baba,” nikamjibu. Ndiyo ile ndiyo ya heshima tunayowapa wakubwa kwa Kiluba, na mtu akiitoa, ametoa neno lake.

Komunike zilikuwa zinasomwa saa kumi alasiri. Mwenzangu aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaniuliza, “Uyu alishaka kufa, eh?” Nikamwambia ndiyo. “Basi tuisome vile iko,” akasema, akaiweka kwenye rundo na kwenda kuangalia jenereta. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Mimi nikabaki nimekaa. Tamaa haina macho, wanasema, lakini yangu ilikuwa nayo, tena makali. Nani? Mwanamke anayejulikana na nusu ya mji. Nini? Amekufa. Wapi, lini, yote nilikuwa nayo, na hakuna redio nyingine iliyokuwa nayo. Nikaanza kujipangia hoja kama wakili. Komunike ya mzee itasomwa saa kumi, neno kwa neno kama alivyotaka, sitaongeza kitu. Taarifa ya habari ya mchana ni jambo jingine. Komunike ni ya mzee, habari ni ya mji. Nilijiona nina akili sana.

Nikachukua baiskeli ya redio nikaenda kuhakikisha, kama nilivyofundishwa. Mlinzi wa chumba cha maiti akanithibitishia. Stesheni, mama mmoja muuza karanga, aliyekuwa amesikia msiba tangu asubuhi, akanipa maneno mazuri ya kumsifu marehemu, machozi yakimtoka, nami nikayaandika. Nikarudi na sentensi tano. Mkubwa wa habari akazisoma mara moja, akainua macho kunitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

“Utasoma weye mwenyewe,” akasema.

Sikuwahi kukaa mbele ya mikro siku zote za staji. Saa sita na nusu nikakaa. Nikataja jina lake kamili, jina la mumewe, mtaa wao. Nikasema ameacha mume na binti mmoja aliyeolewa Kinkondja. Kinkondja niliitaja kwa mdomo wangu, na redio ndogo ya kule huwa inaichukua taarifa yetu ya mchana na kuirusha. Nilijua hilo? Nilijua. Nimejiuliza mara nyingi nikitafuta jibu jingine, na halipo.

Nilipotoka studio mkubwa alinipiga begani. Jioni, nikirudi nyumbani, niliwakuta akina mama wa stesheni wanafunga meza zao kwenda msibani, na baadhi wakanipungia mkono. Nakiri kwamba nilifurahi. Furaha yenyewe ilidumu mpaka kwenye kona ya mtaa wetu.

Msibani wanawake waliokuwa wanaimba walinyamaza nilipoingia. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alivuta tu mguu wake nyuma ili nipite, na ningependa zaidi anitukane. Mama yangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

“Ni weye ulisoma?”

“Ni minyi, mama.”

“Na ule mubaba alikuombaka nini?”

“Bilikuwa bya kweli, mama.”

“Nani alikuuliza kama ni bya kweli?”

Na ile karatasi ilisomwa pia, kama nilivyojipangia. Saa kumi kamili mwenzangu aliisoma kwa ile sauti yake nzito, bila kupunguza neno: anaumwa sana, afike haraka. Mji mzima ulisikia mzee wa watu anaomba binti yake aje kumwona mgonjwa ambaye mimi nilikuwa nimekwisha kumuua saa sita na nusu. Nilimfanya mwongo mbele ya majirani zake.

Binti akafika Alhamisi, juu ya lori, amekaa kwenye magunia ya samaki wakavu, mtoto mgongoni. Shangazi zake walikuwa wamemngoja na mkeka wao na beseni la maji. Lakini aliposhuka alikuwa amekwisha kujifunga kitambaa cha msiba kichwani. Siku mbili barabarani alikuwa amelia peke yake, kati ya watu asiowajua, na machozi yalikuwa yamekwisha. Shangazi wakasimama pale na beseni lao, hawajui wamwambie nini. Mmoja wao akanitazama, halafu akaacha kunitazama.

Ijumaa asubuhi mkubwa wa habari akanipa kazi. Mwenzangu alinipa mkono bila kinyongo, akakusanya daftari zake akarudi base. Mchana tukamzika yule mama jirani.

Jumapili nikajikaza nikaenda kumwona binti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, nimeyarudia usiku na mchana mpaka nikayajua kwa moyo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, ananyonyesha. Nikapiga magoti, nikafungua mdomo, lakini yeye akanitangulia.

“Nilijua sauti yako,” akasema. “Hata haukufika mbali, nilishajua. Tulikuwa tunapanga samaki juu ya moto, redio ya jirani inasema. Nikabaita bamama bote: mukuye, mukuye musikie, uyu njo rafiki yangu wa Kamina, alishaingia ku redio. Bote bakakuya. Nikaongeza sauti.”

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningeipokea hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

“Balikupa ile kazi?” akauliza.

“Balinipa.”

“Njo vizuri,” akasema, akamhamisha mtoto kwenye titi la pili.