Vibao Vitatu Nilivyoviosha

Mimi, mhitimu wa darsa za usiku na bingwa wa usafi toka Mohoro mpaka mwisho wa dunia, nilimwona Mwalimu Shomari, mwenzangu katika chuo cha Kurani, kuwa mvivu. Tangu vita vya Maji Maji vianze, vibao vitatu vya wanafunzi vilining'inia ukutani na wino wa somo la zamani.

"Bwana Shomari, kazi huipendi tena? Hata kuosha vibao?"

"Viache, ndugu yangu," alijibu, akaenda maziko.

Nikavipeleka mtoni, nikavisugua vikang'aa kama mwezi. Niliporudi nikijisifu, Shomari alikuwa mlangoni na mama mmoja.

"Nimekuja kutazama mwandiko wa marehemu mwanangu," mama alisema. "Mwalimu ameniwekea."

Nilikuwa nimevikumbatia, bado vinatona maji.