Washa ya Nati ya Chini

Honorata Ngonyani wa Mfaranyaki, ukimtajia bei, hucheka kwanza. Kwa kicheko hicho amenunua mahindi ya Maposeni miaka ishirini na sita, akajenga, akasomesha, na akaitunza pikapu nyeupe ambayo rika lake lote limeshageuka chuma chakavu.

Sasa magoti yake yalikuwa yamekataa klachi. Kulikuwa na mashine ya kusaga inauzwa Bombambili, na mwenye nayo alimpa mpaka Jumatatu. Pikapu ikiuzwa, mashine ni yake. Mnunuzi alikuwa Valence, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bei walishapatana, likabaki sharti moja, na Jumamosi asubuhi Valence alifika kwa ajili ya sharti hilo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umekuja na macho yote mawili?”

“Yote, mama. Nione oili ya difu inavyotoka. Ikitoka na vipande vya meno, tusilaumiane, narudi zangu.”

Honorata hakumchukia. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, haina mlango wa kuchungulia. Ikianza kulia, wajanja huisokomezea ndizi mbivu, ikanyamaza siku mbili tatu, mpaka aliyeuziwa awe ameshafika mbali. Valence alikuwa ameshawahi kuuziwa ndizi.

Gari lilikuwa limetoka kuzungushwa ili oili ipate moto, likaegeshwa pale uani pasipo na mteremko. Valence alitandika gunia, akaingia chini na spana.

“Unafungua nati ipi?” Honorata akauliza.

“Ya chini, imwagike. Nina haraka mama.”

“Anza ya juu.”

“Ya juu si ya kujazia?”

“Ndiyo hiyo. Usiponisikia utalala hapa na mbwa wangu.”

Kosa hilo alilifanya marehemu mume wake, Amedeus, mwaka ule walioinunua pikapu. Alifungua nati ya chini, oili yote ikaishia kwenye beseni, ndipo ya juu ikagoma. Spana ikateleza, nati ikawa mviringo kama kitufe cha shati. Gari likakaa siku tisa halina oili wala pa kuitilia, magunia yao yako Maposeni, panya wanasherehekea. Tangu hapo, kila walipobadilisha oili, Honorata aliketi kwenye kigoda akisema “ya juu kwanza,” na Amedeus, chali juu ya gunia, alijibu “nimesikia, mkuu wa kituo.”

Alikuwa mtu wa kwaya, sauti ya nne. Chini ya gari aliimba sauti hiyo peke yake, hivyo hakuna aliyewahi kuujua wimbo. Honorata alimpa spana kabla hajaitaja. Kesho yake kanisani, wakati wa kupeana amani, mkono wa Amedeus ulinuka difu, hata baada ya mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Kazi moja tu hakumgawia mkewe: nati ya chini. Aliifungua mwenyewe, akaifumbata, akairudisha mwenyewe. “Hii inataka mkono wa mwanamume,” alisema, na Honorata, ambaye alinyanyua magunia, alimwacha ajisifu.

Amedeus alikuwa na miaka mitatu kaburini. Nati hizo hazikuguswa tangu alipozikaza.

Ya juu ikakubali kwa mlio mfupi. Valence akahamia ya chini. Oili ikashuka nyeusi, nzito, bila kukatika. Honorata aliinama kadiri magoti yalivyomruhusu. Valence akaisugua katikati ya vidole, akainusa, akapitisha kidole kwenye sumaku ya nati, inayonasa vipande vya chuma. Palikuwa na tope laini la kijivu, basi.

“Ndizi umeziona?” Honorata akauliza.

“Hapana mama. Difu ni nzima.” Kisha akatoa kicheko. “Ila washa hii mmechonga wenyewe. Ina hadi herufi.”

Akampa. Kilikuwa kipete cha bati kinachokaa chini ya nati kuzuia oili isivuje, kimekatwa kwa mkasi wa bati. Honorata akakifuta kwa kanga. Ilikuwa H, mguu mmoja umekatwa.

Herufi hiyo aliichora yeye kwa msumari, kwenye kila sufuria na kila mfuniko wake, kama afanyavyo kila mwanamke anayeazimisha vyombo misibani. Miaka tisa iliyopita, kwenye msiba nyumbani kwa jirani yake Fausta, sufuria kubwa ilirudi bila mfuniko. Fausta aliapa ameurudisha. Honorata alicheka kile kicheko chake cha bei. Tangu siku ile ni salamu tu, tena ya kutoka mlangoni.

“Nikurudishie hiyo hiyo?” Valence akauliza.

“Hiyo haimo kwenye mapatano. Mpya iko hapo kwenye kopo.”

Wakajaza mpaka oili ikachuruzika kwenye tundu la juu, wakakaza. Valence akalipa, akaondoka na gari. Honorata aliisikiliza difu mpaka kona ya barabara. Haikulia.

Akamimina oili chafu kwenye dumu, akavuka nalo kwa Fausta, aliyekuwa anapukuchua mahindi. Akamwekea kile kipete kiganjani.

“Mfuniko wangu huo. Mwizi alikuwa marehemu wangu, baba Dorine.”

Fausta akakigeuza, akakigeuza tena.

“Miaka tisa, mama Dorine.”

“Miaka tisa.”

“Na yeye alikuwa anakuja hapa kila Krismasi kula nguruwe wangu, amenyamaza.”

“Alikuwa anakuogopa.”

“Alikuwa anakuogopa wewe.” Fausta akaanza kucheka, akajizuia. “Oili hiyo ya nini?”

“Ya nguzo za banda lako. Mchwa hawaipendi.”

“Basi utazipaka mwenyewe. Ziko kumi na nne.”

Honorata akafungua mdomo, kicheko kikiwa tayari. Akaufunga. Akapandisha mikono ya gauni, akaomba tambara, akaanza na nguzo ya kwanza.