Mizunguko ya Konstebo Yadaya

Yadaya aliajiriwa polisi pale Hyderabad kwa sababu ya miguu yake. Baba yake alikuwa mgema, naye alikwea minazi mwitu tangu angali mdogo. Msajili alipoviona vigimbi vile, hakumwuliza kama anajua kusoma. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yadaya hakuwahi kusifiwa, kwa hiyo hatujui.

Aliyepangwa katika timu ya kandanda ya Kikosi cha Tatu alisamehewa lindo. Aliyetolewa alisimama juani kwenye lango la hazina mpaka kustaafu. Ndiyo maana tulicheza kwa adabu, na adabu ilikuwa moja: Inspekta Sikandar Baig akiita mpira, apewe.

Inspekta alikuwa sentafowadi kwa cheo. Kila mwaka tulifika fainali ya Ngao, kila mwaka watu wa reli wakatufunga, na mashabiki wao wakatupigia kelele: "Polisi! Mwizi kapita hapo, kamateni basi!"

Yadaya, sentahafu wetu, alitaka kuichukua Ngao ile kabla magoti hayajamsaliti. Msimu wa mwaka wa hamsini na mbili, mazoezini, akaacha kumpasia Inspekta.

"Konstebo! Hukunisikia?"

"Nilikusikia, afande."

"Sasa?"

"Mabeki walikuwa wamekubana, afande."

"Haya, bunduki juu ya kichwa. Kimbia uwanja wa gwaride mpaka nimalize chai."

Inspekta alikunywa chai polepole sana. Kesho yake Yadaya akamnyima tena, akakimbia tena. Ikawa hivyo msimu mzima.

"Kaka, si umpe tu huo mpira wake?" nilimwambia. "Utaishia lango la hazina."

"Wewe daka mipira yako. Mimi leo nacheza."

Siku ya fainali tulitoka sare, tukaingia muda wa nyongeza. Tulicheza peku, vifundo vimefungwa bendeji, na kila mtu alikuwa akitambaa, isipokuwa mmoja. Adhabu zilikuwa zimempa pumzi ya farasi. Yadaya akachukua mpira katikati.

"Leta hapa! Hiyo ni amri! Ukininyima, kesho uko lango la hazina!"

Yadaya akapita kushoto kwa amri hiyo, akafunga.

Inspekta alipigwa picha ameikumbatia Ngao. Kwa kuwa ilikuwa ya fedha, ikahifadhiwa hazina, na Yadaya akapelekwa kuilinda.

Msimu mpya ulipokaribia, Inspekta alipita pale alfajiri, akamkuta anakimbia kuzunguka jengo, bunduki juu ya kichwa.

"Nani kakupa adhabu?"

"Hakuna, afande. Najiandaa."

"Kwa lipi? Wewe si wa timu tena."

"Kwa fainali, afande."

Inspekta alimtazama Yadaya akimaliza mzunguko na kuanza mwingine. Wiki hiyohiyo ikagundulika kwamba Inspekta ana goti bovu la siku nyingi. Akawa meneja wa timu, na jina la kwanza aliloandika lilikuwa la sentahafu.