Diski Iliyoandikwa Sumba

Limbu alipanda Sumbawanga kutoka Mtowisa, kule bondeni kwa wazazi wake wafugaji, akiwa na nguo za kubadili na kamera ya kuazima. Miaka kumi na tisa imepita. Sasa anaishi mtaa wa Izia, humo mjini, na familia ambazo hajazipiga video ni chache: harusi, kipaimara, jubilei za masista, mazishi. Watu huchukua nakala yao, huitazama wiki mbili, kisha husahau wameiweka wapi. Halafu siku moja mtu anasimama mlangoni, kofia mkononi, anauliza taratibu, "Mzee Limbu, ile harusi yetu, baba alicheza pale mwishoni. Bado unayo?"

Humjibu kwamba anayo. Kwa ajili ya jibu hilo hajawahi kufuta kitu.

Ndiyo maana Alhamisi moja ya Julai, kompyuta yake ya nyumbani ilipomwambia kwamba imejaa, hakutafuta cha kupunguza. Diski ndogo tano alizokuwa ameziweka juu ya kabati nazo zilikuwa zimeshiba. Tena Jumapili ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu mama mkwe wake, Josefina, afariki. Shemeji zake wa Matai walikuwa wanakuja, na walimwomba jambo moja tu: wamwone mama akiongea. Video yenyewe ilikuwa moja. Limbu aliipiga alasiri moja uani kwa mama mkwe, mama mwenyewe akipepeta ulezi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki na sauti ile.

Aliamua kununua diski moja kubwa, akusanye kila kitu mahali pamoja kabla ya Jumapili.

"Shikamoo mzee," alisema Sharon, mwenye duka la kompyuta mjini.

"Marahaba. Nataka diski kubwa kuliko zote. Maisha ya watu yaingie na nafasi ibaki." Akamwonyesha tangazo kwenye simu. "Kama hii. Tera kumi na sita, saizi ya kiberiti, bei haifiki ya mbuzi."

Sharon alilitazama bila kucheka. "Mzee, debe lililobonyezwa kitako unalijua?"

"Sana. Nimeuziwa mahindi kwa debe hilo."

"Basi ndilo hilo. Kwa nje limeandikwa tera kumi na sita, kwa ndani kuna kijiko. Utamimina, litapokea, litakuonyesha majina ya harusi zote. Ukifungua, bwana harusi hayupo, bibi harusi hayupo."

Limbu aliirudisha simu mfukoni kama mtu aliyeokota kaa la moto.

Sharon akaweka juu ya meza ya kioo diski nzito ya tera kumi, yenye waya wake wa umeme. Pembeni yake akaweka mbili za tera tano tano, kila moja inaenea kiganjani. "Inategemea una mzigo kiasi gani. Kompyuta yako ni tera moja. Na hizo ndogo je?"

Hakukumbuka. Akampigia mke wake, Adela, amsomee.

"Ziko nne," alisema Adela.

"Tano, Mama Flavian. Tazama vizuri."

"Nne. Ya tano nilitupa Jumanne nilipofanya usafi. Si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika nini?"

"Sumba."

Limbu alishika ukingo wa meza. Ni kweli aliandika, kwa kalamu nene, herufi kubwa. Diski yenye kazi za Matai aliiandika MATAI, na yenye kazi za hapa mjini akaiandika SUMBA, kwa sababu Sumbawanga ni jina refu na diski ni ndogo. Lakini Adela ni Mfipa. Jina la mji huu yeye halisikii kama jina. Anasikia watu wakiambiwa watupe uchawi. Sumba, tupa. Na ilikuwa miezi sasa Limbu anajifunza Kifipa kwa kumwachia mkewe vikaratasi jikoni, neno moja moja, mengi yamekosewa. Adela alikuwa anavitunza vyote kwenye kopo la majani ya chai.

"Nilifurahi hata," Adela aliendelea. "Nikasema Msukuma wangu leo hajakosea herufi."

"Mama yumo humo," alisema Limbu.

Akaibana simu sikioni.

"Adela, shimo la taka umeshalichoma?"

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, mlango, kuku wakitawanyika, kisha upepo mtupu.

"Nenda mzee," alisema Sharon. "Hizi haziendi popote."

Alichukua bodaboda. Upepo wa Julai ulikuwa unavuma kama kawaida yake, vumbi linakimbia mbele ya pikipiki, mikaratusi imeinama upande mmoja. Njia nzima alitazama mbele akitafuta moshi. Karibu na nyumbani akauona, mzito, umelala juu ya mabati, akamhimiza dereva. Walipokata kona akaona ni tanuri la matofali la jirani.

Adela alikuwa ndani ya shimo, maganda ya maharage yanamfika mapajani, mengine yako kwenye nywele. Alikuwa ameikumbatia diski kifuani kwa mikono miwili.

"Sikuchoma," alisema. "Upepo. Tangu Jumanne nautukana huu upepo kwamba unanizuia kuchoma taka."

Limbu alimpa mkono akamtoa. Waliingia ndani bila hata kujipangusa. Maganda yalikuwa makavu, diski ilikuwa kavu, ila hakuna aliyethubutu kusema neno jema mapema. Alichomeka waya. Taa ndogo iliwaka, ikazimika, ikawaka tena. Diski ikaanza kunguruma ndani kwa ndani, na majina yakashuka kwenye kioo, moja baada ya jingine, mpaka likafika la mama.

Josefina alitokea na ungo wake, kanga ya shamba kiunoni, macho yamefinywa na jua.

"Limbu, unanipiga picha na kanga hii? Watu watasema Msukuma hamvishi mkwewe." Akapepeta, makapi yakaruka. Kisha, kama anayejibu swali ambalo halikusikika: "Mbegu hii siiweki yote hapa. Nusu inakwenda kwa shemeji yako Valeria, Matai. Nyumba ikiungua na mbegu yote, utabaki na shamba la kutazama. Haya, weka hicho kidude chini, uje ushike ungo."

Adela alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka, akayaacha. Walimrudia mama mara tatu. Mara ya tatu Limbu alikuwa hatazami kioo tena. Alikuwa anatazama ile diski moja, kuukuu, yenye vumbi la maharage, na kufikiri alivyotaka kuweka kila mtu ndani ya nyumba moja.

Ijumaa asubuhi alirudi dukani. "Nipe zile mbili. Mzigo wote ni tera nne."

"Si ulitaka moja kubwa kuliko zote?"

"Mama mkwe amekataa."

Sharon, aliyekuwepo kwenye mazishi ya Josefina, alimkazia macho kidogo. Limbu akamweleza, naye akacheka mpaka akaketi. Alipomaliza akamwonya: "Kila moja iwekee mzigo wote, kisha ufungue ulichoweka mwisho. Kikicheza, umepona. Na zile za zamani usizifute upesi."

"Mimi nimewahi kufuta nini?"

Kompyuta ilifanya kazi bila kulala hadi Jumamosi jioni. Jumapili baada ya misa watu walijaa sebuleni, Josefina akawasuta wote kuhusu kanga, na Valeria akaondoka kwenda Matai na diski ya pili mkobani, imefungwa ndani ya sweta.

Ile iliyobaki Adela aliichukua kabla mumewe hajagusa kalamu. Akaandika mwenyewe, herufi kubwa: MBEGU.

Limbu aliisoma, akaisoma tena. "Hilo kwa Kifipa lina maana gani?"

"Kiswahili hicho, Baba Flavian," alisema Adela, akaiweka juu kabatini.