Mbuzi Wasiohesabiwa wa Marungu

Saa kumi na mbili asubuhi, Marungu. Wakesho Mwandawiro amesimama mlangoni mwa zizi, mkononi ana mkebe. Kila mbuzi akitoka, anatia punje moja ya mahindi ndani. Hasemi neno. Mwenye zizi, Bi. Nzilani Mutinda, amempa mgongo ili asione.

"Umemaliza?" anauliza Nzilani.

"Nimemaliza, mama."

"Basi usiniambie. Mbuzi akitajwa idadi, hafiki kesho."

Wakesho, miaka thelathini na tisa, alizaliwa Mbololo, kwa watu wa mashamba. Kwa miaka tisa alikuwa mtafiti wa benki ya serikali jijini Nairobi. Sasa yuko Voi, kwa mfuko mdogo unaokopesha vikundi ili vihimili ukame. Mshahara umeshuka kutoka shilingi 140,000 hadi 62,000.

"Nilichoka na karatasi," anasema. "Nilitaka kuona maji."

Karatasi ikamfuata.

Mwaka 2019 benki ilimtuma huku kuuliza kila boma lina mifugo mingapi. Boma kwa boma, jibu lilikuwa wawili, watatu. Akaandika vivyo hivyo.

"Alikuja na gari na kalamu, anauliza mali ya watu kama polisi," Nzilani anakumbuka. "Nikamwambia watatu. Hapa hata mtoto anajua, ukiambiwa watatu, umeambiwa achana na mambo yangu. Huyu msomi wetu hakujua!"

Anacheka. Wakesho hacheki.

"Nilikunywa chai yao, imejaa maziwa," anasema. "Wala sikujiuliza yametoka wapi."

Mwaka jana akina mama wa Marungu, Nzilani akiwa mwenyekiti wao, waliomba mkopo wa kuchimba bwawa. Kamati ya mfuko ikafungua ripoti ile ya benki. Watu hawana mifugo, bwawa la nini? Ombi likakataliwa.

"Walinisomea maneno yangu mwenyewe," anasema Wakesho. "Nikawaambia nilikosea. Wakasema, leta hesabu mpya."

Lakini tangu hapo mvua ya vuli haikunyesha, wala ya masika. Nyuma ya ua, Wakesho anamwaga mkebe kiganjani. Punje kumi na moja tu, hesabu ya mbuzi waliobaki.

"Zizi likiwa limejaa, niliandika watatu. Leo nikiandika ukweli, watasema nilikuwa sahihi."

Ijumaa kamati inakaa. Anataka kuomba bwawa lichimbwe kabla ya mvua za Novemba. Akikataliwa tena, anasema, atabaki Voi aombe tena, maana kosa ni lake.

Nzilani anaingia jikoni, anatoka na furushi la kamba kuukuu. Kila moja ilifunga mbuzi wake mmoja aliyekufa kwa ukame. Hakuzitupa.

"Hizi peleka uwawekee mezani," anasema. "Na ukifika, hesabu kwa sauti. Aliyekufa hana mwiko."

Wakesho anachuchumaa vumbini, anaanza. Moja. Mbili. Safari hii Nzilani hajampa mgongo. Anamtazama mpaka thelathini na tatu.