Sura Kumi za Ziada

Sidi alikuwa na duka la kupiga chapa kwenye barabara ya Ndia Kuu, chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya fotokopi na feni inayozunguka ikipenda. Kazi yake ilikuwa barua za maombi na mikataba ya nyumba, maneno yasiyomliza wala kumchekesha mtu. Mumewe alikuwa amefariki. Mwanawe Kenneth aliishi Eldoret na kumpigia simu alipokumbuka, na Mungu hakumjalia kumbukumbu nzuri.

Siku aliyoingojea kila wiki ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi Bwana Tayebali, aliyewahi kuuza vitambaa Biashara Street, alimletea kurasa za riwaya aliyokuwa akiiandika kwa mkono, kisa cha mshonaji aliyeachwa na mchumba. Sidi alichapa, mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki akingoja, wakanywa chai, kisha akauliza, "Yaendaje, Bi Sidi?"

"Nzuri," Sidi alijibu kila mara. "Endelea."

Uongo mtupu. Riwaya ilikuwa imeisha sura ya kumi na mbili, pale mchumba aliporudi na mshonaji akamwambia mlangoni kwamba amechelewa. Hapo Sidi alilia. Sura zilizofuata zilikuwa harusi za majirani na safari za sokoni, mshonaji akizurura humo kama mgeni asiyejua kuaga. Sidi alilijua hilo tangu Ramadhani akanyamaza, kwa sababu kitabu kikiisha na Alhamisi zake nazo zimekwisha.

Kilichomfanya ashindwe kuendelea kunyamaza ni mwandiko. Zamani herufi zilikuwa ndogo, safi. Kufikia sura ya ishirini na mbili zilikuwa nene kama vidole, mstari mmoja ukipanda juu ya mwingine.

"Macho yakoje, Bwana Tayebali?"

"Yaenda zake. Nataka nikisome kitabu hiki mwenyewe, toka mwanzo hata mwisho, kabla hayajazima. Sina haja nyingine."

Sidi akaondoa mikono kwenye kompyuta. Alimwambia yote, taratibu na kwa adabu: kwamba pale mlangoni ndipo mwisho, kwamba mshonaji anatuingia moyoni akiwa peke yake kuliko akiwa harusini, kwamba sura kumi zitoke, na kwamba ile sura ambamo mshonaji anamwandikia mchumba barua isiguswe hata nukta.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Wasema kweli," alisema. "Umelijua hili lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Mbona hukunambia?"

"Ungeacha kuja."

Sidi akatoa nakala ya sura kumi na mbili za kwanza, akazibana, akampa kwa mikono miwili. Mzee akauleta ukurasa wa kwanza karibu na pua, akausogeza mbali, akaurudisha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Sidi zaidi.

"Ramadhani nilikuwa nasoma vizuri tu," alisema, akamrudishia kurasa. "Basi nisomee wewe."