Kubadilishana Viti Kabla ya Kona

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko la watu, mikono imejaa tui la nazi, nikimwangalia babu yako amekaa nyuma ya usukani wa gari ambalo hajui kuliendesha. Nitakufikisha hapo. Kwanza nianze na lako, wewe na mchumba wako.

Jumapili ulipokuja hapa Waithaka uliosha vyombo bila kuombwa, nikajua una jambo. Ulifuta sahani ile ile mpaka nikaionea huruma, mwishowe ukasema, "Shosho, naomba kitu moja. Jumamosi watu wa Brayo wakikuja, usiwaambie mimi ndio bosi wake. Sema tu tunafanya kazi ofisi moja huko Upper Hill. Mamake akijua atasema nimemkalia mtoto wake." Nikakwambia nitafikiria. Nimefikiria, na kila nikifikiria narudi kwenye safari yetu ya kwanza, mimi na babu yako. Basi keti. Chai iko kwenye chupa.

Baba yangu alikuwa mtu wa maziwa. Aliyakusanya kwa majirani wa huku Dagoretti na kuyapeleka kwenye majumba ya Spring Valley kabla watu hawajaamka. Kaka zangu walipenda usingizi, kwa hiyo akanifundisha mimi kuendesha. Nilipofika umri wa kuolewa nilikuwa naingia na kutoka kwenye mageti ambayo wewe, na masomo yako yote, unayaona kwa nje tu. Gari lenyewe lilikuwa refu nyuma, harufu ya maziwa haikutoka hata ulioshe vipi, na kiti cha dereva kilikuwa kimeshika kutu pale pale baba alipokiweka. Hakikurudi nyuma wala hakikwenda mbele. Baba alikuwa mfupi kama mimi, kwa hiyo hakikutusumbua.

Babu yako nilimpata kwenye kwaya. Alikuwa karani mjini, mrefu, mpole, Mpokomo wa Mto Tana, na hakuwa ameshika usukani maishani mwake. Watu wa kwao hawakuweza kufika harusini kwa umbali, ikaamuliwa twende sisi tukawasalimu: shangazi yake Changamwe, kaka yake Malindi, kisha nyanya yake aliyemlea, huko karibu na Garsen. Wakati wa kurudi tungefuata Mto Tana hadi Hola na Garissa, tukate nyika mpaka Mwingi, tutokee Thika. Baba akatuazima gari. Kwetu sisi ilikuwa ni fungate, ingawa hatukuwa tumelisikia neno hilo.

Asubuhi ya kuondoka mama alinivuta mpaka kando ya zizi. Akaniambia, "Njeri, huko uendako usionekane ukimwendesha mume wako. Watasema tumempa kijana wao mwanamke anayemswaga kama ng'ombe. Mkikaribia kwa watu, mwache akae yeye." Nikamwambia hajui. Akasema, "Kuingia uani tu hakumshindi."

Nilimheshimu mama yangu, na babu yako alipoambiwa hakukataa. Karibu na Voi nikamfundisha kutia gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Hiyo gia ya kwanza ndiyo iliyokuwa elimu yake yote.

Changamwe tukasimama kabla ya kona ya kwa shangazi. Nikashuka, akashuka, tukapishana mbele ya gari bila kutazamana. Akaingia uani gari likirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, likazima lenyewe mbele ya mlango. Shangazi akatoka anacheka kwa furaha. "Karibuni, karibuni! Dereva wetu, pole na njia!" Babu yako akapewa kiti chenye mto, na kuku alipoletwa akawekewa firigisi. Wakamwuliza habari za malori ya Mtito Andei, naye akawasimulia jinsi alivyoyapita moja baada ya jingine. Mimi ndiye niliyeyapita, mwanangu. Nilikula ugali wangu.

Siku hizo Kilifi hapakuwa na daraja, mlivuka kwa feri. Abiria walishuka kwanza, dereva akaliingiza gari peke yake. Pale hatukuwa na ndugu hata mmoja, kwa hiyo hatukubadilishana. Nikaliingiza vizuri, dirisha likiwa wazi, na nikamsikia babu yako akimwambia mzee mmoja aliyesimama naye, "Unamwona huyo? Ni mke wangu. Amelitoa Nairobi hilo gari, peke yake." Mzee akasema mashallah. Babu yako akajinyoosha, akazidi kuwa mrefu. Iliniuma kuliko kama nisingesikia. Kwa watu asiowajua ananiringia, kwa watu wake ananificha, na aliyeyapanga hayo ni mama yangu mzazi. Nilikosa wa kumkasirikia.

Malindi tukafanya vile vile, akasimamisha gari limeegemea ua wa jirani. Kaka yake akasema ni ua mbovu, ulikuwa uanguke tu.

Kwa nyanya tulifika jua likielekea kuzama. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, amekaa kwenye mkeka, macho yake makali. Babu yako aliingiza gari lake la gia ya kwanza, watoto wakashangilia. Nyanya aliliangalia lile gari, akamwangalia mjukuu wake akitoka, kisha akanishika mimi mikono yote miwili akaikandakanda viganja. "Pole, mwanangu," akasema. "Umechoka wewe." Nikadhani ni adabu ya kumkaribisha bibi harusi.

Kesho yake asubuhi ndiyo siku ninayokwambia. Nilikuwa jikoni na wanawake, nakamua nazi. Nyumba ya tatu kulikuwa na msichana wa rika langu, mimba yake ya kwanza, ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga akatoka ndani ameloa jasho, akasema mtoto amekaa vibaya, kama hatafikishwa hospitali tutawazika wawili. Hospitali ilikuwa mbali, njia ya mchanga, na gari kijijini lilikuwa moja. Wanaume wakamwendea babu yako. Hawakumwomba hata, walimwambia tu, "Komora, twende." Kwani dereva si yuko? Godoro likawekwa nyuma, palipokuwa pakikaa mikebe ya maziwa, yule msichana akalazwa, mkunga akapanda naye.

Nilipotoka mlangoni babu yako alikuwa ameshaketi kwenye usukani na injini inanguruma. Aliniona. Tulitazamana kupitia kioo cha mbele. Yule msichana alikuwa akilia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeishiwa na nguvu. Nilitaka kuita, mwanangu, na mdomo ukakataa. Nilikuwa nasikia maneno ya mama kana kwamba amesimama nyuma yangu. Niliogopa kumwaibisha mume wangu mbele ya watu waliomlea, na niliogopa kwamba aibu hiyo hiyo itamfanya atie gia na kwenda. Angekwenda nao wapi? Kwenye mchanga ule angefika mti wa kwanza.

Injini ikazimwa. Akashuka. Walikuwa pale wazee wa kanisa lake, wajomba zake, vijana aliocheza nao. Akasema, "Mimi sijui kuendesha. Dereva ni mke wangu, ndiye aliyetutoa Nairobi mpaka hapa. Mpisheni apite." Mwanzoni sauti ilimtetemeka, mwishoni haikutetemeka. Kisha akazunguka gari kwa mbele, mbele ya macho ya wote, akaenda kuketi kushoto.

Nikajifuta tui kwenye leso nikaingia. Mchanga si mgeni sana kwa mtu aliyezoea matope ya Waithaka wakati wa mvua, vyote vinataka usiogope na usikanyage breki ovyo. Lakini njia sikuijua, na babu yako aliijua kama anavyojua nyimbo za kanisani. "Hapa shika kulia. Hapo mbele pana korongo, lifuate ukingoni. Sasa kaza." Nilikaza. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari nzima tunaendesha lile gari sote wawili. Tukafika. Yule msichana alizaa kwa kusaidiwa, mtoto wa kike, na wote wawili wakapona. Niliketi kwenye ngazi za hospitali nikalia, babu yako amenishika bega, hajui alie au acheke.

Jioni tuliporudi nyanya alikuwa na watu wake barazani. Nilitegemea aibu. Akatuambia tukae, akamgeukia mjukuu wake.

"Mlikuwa mkibadilishana viti kwa ajili ya nani?"

Babu yako akakohoa tu.

"Jana umeingia hapa magoti yanagusa masikio," akasema. "Kiti kimewekwa cha mtu mfupi, na mfupi kwenye gari hili ni mmoja. Mlidhani sisi hatuna macho? Na huko Changamwe na Malindi nako hawana macho?"

Watu waliangua kicheko mpaka mkeka ukahama. Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli, mimi niliyemjua vizuri sikuwa nimeyatazama magoti yale hata mara moja. Miaka baadaye shangazi wa Changamwe alikiri kwangu kwamba siku ile yeye na binti zake walikimbilia jikoni kucheka, wakaambiana wampe firigisi tu, maskini, amelisumbukia. Siri yetu tulikuwa nayo sisi wawili peke yetu, wengine wote walikuwa wakitusitiri.

Kisha nyanya akaacha kucheka. "Sikilizeni. Kunidanganya mimi ni upuuzi, nimewasamehe. Lakini leo mtoto wa watu nusura afe nje ya mlango wangu, na dereva yuko jikoni anakamua nazi. Hilo sitaki kuliona tena katika nyumba hii." Akaomba chakula kiletwe, na safari hii firigisi lilikuja kwenye sahani yangu.

Tulipoondoka pale niliendesha mimi tangu mlangoni, watu wakitupungia. Kutoka Hola kwenda Garissa ni nyika tupu, miiba mpaka macho yachoke, swala wenye shingo ndefu wamesimama kwa miguu ya nyuma wakila majani, ngamia wakivuka njia bila haraka ya kumpisha mtu. Tulipita hata saa nzima bila kuona gari jingine. Hapo babu yako akasema, "Njeri, nifundishe basi." Nikamwuliza mbona hakuwahi kuniomba tangu Nairobi. Akasema, "Ningekuombaje, na mimi ndiye nilikuwa dereva?"

Nikamfundisha. Magoti yakiwa masikioni vile vile, tukicheka, akazima gari mara nyingi kiasi kwamba ngamia wenyewe walitukariri. Kufika Mwingi alikuwa ana gia zote. Kwenye kwaya nilimpenda, mwanangu, lakini kwenye nyika ile ndiko nilikomjua.

Kona ya kwetu hapa nilikuwa mimi kwenye usukani. Nikasimamisha gari kwa mazoea, mkono kwenye mlango. Babu yako akanitazama. "Mbona umesimama?" Nikatia gia nikaingia, mama amesimama getini anatuona tulivyo. Alingoja mpaka usiku tukiwa jikoni wawili. Akasema, "Nilikuogopea." Basi. Nikamkumbatia, jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwa kawaida.

Nimekuletea maneno ya mama kwa makusudi. Ushauri mwingi tunaowapa nyinyi watoto unatoka kwenye woga. Ni woga wa mtu anayewapenda, uheshimuni, lakini upimeni kabla ya kuutumia, na huu wangu upime pia.

Ninachokuomba ni hiki. Usimfiche Brayo nyuma yako, wala usijifiche nyuma yake. Mamake ana macho. Ataona nani anamwangalia nani kabla ya kujibu swali, na msipomwambia nyinyi atajiambia mwenyewe, pengine vibaya. Tena siku ya shida haitangoja mmalize kubadilishana viti. Lakini hili si langu kulisema, na si lako peke yako. Jumamosi chai ikishamiminwa nitamwuliza Brayo, mbele ya wote, kazi ikoje, halafu nimwachie aseme mwenyewe. Jioni ya leo nenda ukamwambie kwamba nitamwuliza, maana sipendi kumvizia mtoto wa watu. Babu yako alikuwa na muda mfupi wa kuamua, injini ikinguruma. Brayo ana siku kadhaa, na hakuna anayeugua kwenye godoro. Akijikwaa mwanzoni mwa maneno usimsaidie, mwache afike mwisho.

Babu yako sasa macho hayaoni vizuri, nimerudi mimi kwenye usukani. Alhamisi nampeleka kliniki, na njia nzima ataniambia hapa pana shimo, hapa shika kulia, kana kwamba mimi ndiye nisiyeona. Namwachia aseme. Ndivyo tulivyofika.

Mungu akupe nyumba ambayo huhitaji kusimama kabla ya kona yake. Akupe mume wa kukuonyesha njia asiyekunyang'anya usukani, na wewe akupe sikio la kumsikiliza. Mkifika, mfike mchana, kila mtu kwenye kiti chake, na watu wenu wawe getini wanawaona.